Herufi za Harusi

Herufi za harusi zilikaa kwenye droo ya juu kabisa, mbali na vumbi, mbali na panya, na mbali na mikono yangu. Herufi nyingine zote dukani niliruhusiwa kuzigusa hata kama nimetoka kula muthokoi na vidole bado vinang'aa mafuta. Hizi, hapana. Mpaka ninawe kwa sabuni, nijifute, nimwonyeshe mzee viganja pande zote kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha, ndipo atoe ufunguo mfukoni.

Lilikuwa duka la kupiga chapa, nyuma ya soko la Kitui mjini, miaka ya sabini. Mwenyewe alikuwa mzee Mwislamu ambaye babu yake alipanda huku kutoka pwani kufanya biashara akasahau kurudi. Mzee alizaliwa papo hapo Kitui, alijua Kikamba kuliko mimi, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Changu alisema kimeanikwa kwenye miiba.

"Mzee, ile vitu yako nimeweka huko," ningemwambia.

"Ile vitu," angerudia, akitikisa kichwa kwa huzuni kama anayesikia habari za msiba. "Mwanangu, na huko shule ya usiku mlikuwa mkisoma au mlikuwa mkilala?"

Tulikuwa tukisoma. Masomo ya ngumbaru nilihudhuria miaka yangu yote ya ujana, baada ya kazi, na sikusoma kidogo. Nilisoma mpaka mwalimu akawa ananiuliza mimi kesho tutafundisha nini. Nilipohitimu nilipewa cheti kikubwa hivi, ukikitandika kitandani kinakufunika mpaka miguu. Kwa cheti hicho ndipo mzee akaniajiri kupanga herufi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini ya risasi, imechongwa kinyume. Unaokota moja moja, unazipanga mstari, unazibana ndani ya fremu ya chuma, unaipachika kwenye mashine, kisha unakanyaga kwa mguu na kulisha karatasi kwa mkono. Herufi nyeusi nene zilikuwa za kazi zote za dunia: mnada wa ng'ombe, harambee, mkutano wa chifu, na vifo. Ulikuwa ukiona bango la herufi hizo ukutani unajua hata kabla ya kusoma kwamba kuna kitu unatakiwa kuchanga au kulia.

Herufi za harusi zilikuwa kitu kingine. Zilifanana na mwandiko wa mtu mwenye subira nyingi na kalamu nzuri. Zililala kidogo mbele, kama mtu anayepanda milima ya Kilungu na mzigo mgongoni, na kila moja ilinyoosha mkia kumshika mwenzake, hata jina zima likawa uzi mmoja usiokatika. Mstari uliposhuka ulinenepa kidogo, ulipopanda ukawa mwembamba kama uzi wa buibui. Herufi kubwa ndizo zilikuwa na maringo yote, vitanzi juu ya vitanzi, kama mche wa kunde uliokosa kijiti cha kupandia. Na mikia mingine ilitokeza nje ya kipande chake cha risasi ikaning'inia hewani bila kitu cha kuiegemea. Ukiiangusha, imekatika. Ukikaza mashine, imekatika. Ukipiga chafya karibu nayo, nasema kweli tupu, imekatika.

Mzee alikuwa na sharti moja juu ya droo ile: herufi zile hazichapi maiti. Si kwamba alilitunga yeye. Akina mama ndio waliolileta. Mama wa bibi harusi angetoka Mwingi au Makindu, aketi kwenye benchi letu, anywe maji, kisha ainame mbele na kuuliza kwa sauti ya chini, "Hizi herufi zimewahi kumzika mtu?" Alitaka kujua, kwa sababu jina la binti yake lisingelala mahali palipolala jina la marehemu. Na mzee angeinua mkono, "Wallahi, mama, hazijawahi," na mama angetoa pumzi, aagize. Nimeona duka jingine likipoteza wateja kwa kushindwa kuinua mkono huo.

Shida mbili tu ndizo zilitusumbua. Ya kwanza ni wanaume wenye cheo. Baba wa bwana harusi angesema, "Mimi jina langu liandikwe lote kwa herufi kubwa. Mimi si mtu mdogo." Basi umweleze kwamba katika mwandiko ule herufi kubwa zikipangwa peke yake hazisomeki, vitanzi vinaingiliana, linabaki rundo la waya. Haelewi. Tulimchapia mmoja hivyo, mwenye lori, na wageni wake walifika harusini wakiuliza hii ni harusi ya nani.

Ya pili ni kwamba herufi zile zilitoka Nairobi zikiwa zimehesabiwa kwa majina ya Kizungu. E zilijaa droo kama ndengu gunia. Lakini K, M, N na W, ambazo Mkamba hawezi kubatizwa bila hizo, zilikuwa chache. Jina la bibi harusi likishapangwa, la bwana harusi limekosa herufi. Kwa hiyo tulichapa kadi mara mbili. Kwanza jina la bibi, na chini yake neno "na", kadi zote. Kisha tunavunja jina lile, tunatumia herufi zile zile kupanga la bwana, tunazipitisha kadi tena mashineni. Wateja hawakujua kamwe kwamba kwa siku moja au mbili binti yao alikuwa amekaa rafuni akiolewa na karatasi tupu.

Dada yangu mkubwa alizitaka herufi zile.

Yeye ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Alikuwa ameolewa Kyuso, kimila: mbuzi walipelekwa, asali ikapelekwa, wazee wakanywa pombe ya uki mpaka wakasahau fimbo zao. Alizaa, akalea, watoto wakaanza kuoa. Lakini kanisani kwao ndoa hiyo haikuwa ndoa. Alifagia kanisa, akachota maji ya kumwagia vumbi la sakafuni, akaimba na akina mama kwa sauti ambayo wewe ukiwa Mwingi ungeisikia. Ikifika Jumapili ya meza ya Bwana, mkate unapitishwa, yeye anahama na kwenda benchi la nyuma kabisa, pamoja na wake wa pili na vijana walioanguka. Miaka mingi hivyo. Shemeji naye alikuwa akicheka tu. "Nimuoe mara ngapi huyu mama? Mara ya kwanza haikutosha?"

Kisha kifua kikamshika. Alikuwa amefanya kazi ya reli Makindu tangu ujana, na alirudi nyumbani na kikohozi ambacho hakikutaka kustaafu. Kukohoa huko kukamfanya asikilize mambo aliyokuwa akiyacheka. Akaokoka. Akamwambia dada, "Twende basi hiyo harusi yako." Mchungaji akasema, vuneni ndengu kwanza, kisha njooni.

Walifika dukani wote wawili siku waliyotoka hospitali ya Kitui. Shemeji alikuwa amekonda, koti limembeba yeye badala ya yeye kulibeba koti. Nikamwonyesha dada kadi ya mfano. Yeye pia alisoma ngumbaru, kule kwao, na Biblia ya Kikamba aliisoma vizuri, lakini zile ni herufi zinazosimama wima. Aliigeuza kadi juu chini.

"Mwana wa mama, hizi zimelewa."

"Ndio mwandiko wake, dada."

"Siwezi kusoma hata moja." Akaishika hivyo kitambo. "Lakini nataka niandikwe na hizi. Wasichana wote niliowaimbia waliandikwa na hizi."

Shemeji akanyoosha shingo. "Na mimi niandike na zile kubwa. Jina lote. Lionekane mpaka Makindu."

Mzee akatoka nyuma ya mashine akijifuta wino. "Shemeji, ukiandikwa hivyo hakuna atakayekusoma."

"Nani alisema nataka kusomwa, mzee? Nimekaa kwa hii ndoa miaka yote hakuna mtu ananiona. Nataka kuonekana."

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Shemeji naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa. Dada akamshika mgongo mpaka kikapita. Kisha akaniambia, kama vile hakuna kilichotokea, "Mwandike kama watu wengine."

Wiki ile tukachapa upande wa dada. Nilinawa mikono mpaka ngozi ikataka kuhama. Mzee mwenyewe alinyunyiza unga wa dhahabu juu ya wino mbichi, akakung'uta, na jina la dada yangu, aliyechota maji kwa punda maisha yake yote, likang'aa kama la binti wa sultani. Chini yake, "na". Kisha tukapanga la shemeji. Tulipokanyaga mashine mara ya kwanza kujaribu, kitanzi cha ile herufi kubwa ya kwanza kikakatika, kwa kasauti kadogo kama mtu anayekata ukucha. Herufi kubwa zilikuwa moja moja. Hapakuwa na nyingine.

"Nitaagiza Nairobi," mzee akasema. "Ndengu zenyewe bado zina maua."

Kadi tukazifunga kwa gazeti, tukaziweka rafuni zikimsubiri bwana harusi.

Herufi ilikuja na basi, imefungwa kwenye pamba kama jino la mfalme. Mzee aliipeleka dirishani kuitazama. Nami nilikuwa bado najifuta mikono, mfanyabiashara mmoja wa ndengu kutoka Kyuso akasimama mlangoni. Hakuingia. Alivua kofia.

"Wewe ndiye ndugu ya yule mama anaimba kanisani?"

"Ndiye mimi."

"Shemeji yako alituacha jana asubuhi. Wanakuambia upande gari leo."

Nikapanda. Nilimkuta dada ameketi chini kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, akina mama wamemzunguka. Hakuwa akilia. Nje, wazee wa kanisa walikuwa wamesimama karibu na ghala wakisema maneno kwa upole mwingi. Marehemu ataombewa hapa nyumbani. Ndani ya kanisa haitawezekana, kwa sababu harusi haikufika. Hakuna aliyebishana nao. Ndengu zilikuwa shambani, nusu zimekomaa, nusu zingali mbichi, na mbuzi wa jirani walikuwa wameingia bila mtu wa kuwafukuza.

Nilitakiwa kurudi Kitui kuleta sanduku la kumzikia. Dada akanivuta mkono.

"Kadi ziko wapi?"

"Ziko dukani. Jina lako limeshapigwa."

"Na lake?"

"Bado, dada."

"Mwandike."

Nikamweleza sharti la droo. Nikamwambia nitamchapia karatasi nzuri ya mazishi, herufi nyeusi, na msalaba juu, nitaweka hata mistari pembeni. Akanitazama kama mtu anayemsikiliza mgeni.

"Kwa hizo nyeusi aandikwe na yeyote anayetaka. Mimi nataka tuandikwe pamoja. Alikuwa amekubali, mwana wa mama. Kukubali kwake kutaenda wapi?"

Nilifika Kitui siku ya pili. Sanduku lilipatikana kabla ya adhuhuri. Mzee nikamkuta anakunywa chai ya tangawizi, na maneno yangu yote ya shule ya usiku yakanitoroka. Nikasema tu, "Dada anaomba aandikwe."

"Kwa zile?"

"Kwa zile."

Akaweka kikombe chini. Chai ikafanya ngozi juu. Nilijua anawaza nini, kwa sababu nilikuwa nawaza hayo hayo: akina mama kwenye benchi, na mkono wa kuinua.

"Mahari alitoa?" akauliza.

"Alitoa. Mbuzi na asali. Mimi mwenyewe nililamba asali ile, nilikuwa mdogo."

"Wazee wa pande zote walikuwapo?"

"Wengine walilala huko huko siku tatu."

"Na dada yako aliridhika? Hakulazimishwa?"

"Mzee, dada yangu? Halazimishwi hata na mvua."

Akainuka, akaenda kunawa mikono. Alinawa polepole, mpaka kwenye viwiko. "Basi mimi siioni maiti hapa," akasema. "Namwona bwana harusi aliyecheleweshewa kadi. Na aliyemchelewesha ni mimi." Akatoa ufunguo. "Lete viganja nione."

Nikaanza kuokota herufi ndogo, kama dada alivyosema siku ile, mwandike kama watu wengine. Mzee akanizuia.

"Yeye mwenyewe alitaka nini?"

"Kubwa zote. Lakini halitasomeka, mzee."

"Alisema anataka kusomwa?"

Jina la shemeji lilikuwa fupi na halikuwa na herufi inayojirudia, na hiyo ndiyo bahati pekee tuliyopata mwaka ule. Tukalipanga lote kwa herufi kubwa, ya kwanza ikiwa ile mpya, kali, isiyowahi kuguswa na wino. Vitanzi viligongana, vikapandana. Tulipopitisha kadi, juu kulikuwa na jina la dada, jembamba, limeshikana kama uzi, na chini ya "na" kulikuwa na kichaka kizima cha dhahabu, kimejaza nafasi yote mpaka kingo za kadi. Mzee alikanyaga mashine, mimi nikalisha. Mashine ile kwa kawaida ilipiga kelele za kuamsha wafu. Siku hiyo mimi naona ilijizuia.

Dada alisema kadi zigawiwe, kama zilivyokusudiwa. Kwa hiyo pale kaburini, kwenye vumbi jekundu la Kyuso, watu wamesimama na kadi za harusi mikononi. Wengi hawakuweza kuzisoma. Walizishika kwa ncha za vidole wasije wakafuta dhahabu. Wengine walizitia ndani ya kofia, wengine kwenye kiondo. Mchungaji alivaa miwani, akasoma yake, akavua miwani, akaitia ile kadi ndani ya Biblia. Moja dada aliiweka kwa mkono wake ndani ya sanduku, kwenye mfuko wa lile koti.

Baada ya wiki kadhaa mchungaji alimtembelea. Nilikuwapo, nimeenda kusaidia kupura zile ndengu chache zilizosalia. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo bila kejeli. Alikunywa uji, akaomba, kisha akasema, "Mama, sasa hakuna kizuizi tena. Wewe ni mjane. Jumapili ya meza, karibu mbele."

Dada alikuwa akichambua ndengu kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Kizuizi kilikuwa yeye, mchungaji?"

Mchungaji akaweka bakuli la uji chini. Dada akaendelea kuchambua. Nilitaka kuchekesha, hiyo ndiyo kazi yangu kwenye ukoo, lakini nikavuta ungo mwingine nikachambua naye.

Hakwenda mbele. Aliendelea kufagia kanisa na kuimba, na ikifika Jumapili ya meza aliendelea kuhama kwenda benchi la nyuma, sasa kwa miguu yake mwenyewe, bila kuambiwa. "Nilitaka kwenda na yeye," ndivyo alivyoniambia, mara moja tu.

Habari ya kadi za kaburini ilifika Kitui kabla yangu. Mama mmoja wa Mutomo akaketi kwenye benchi, akanywa maji, akainama mbele, akauliza. Nilimtazama mzee. Mkono haukuinuka. "Mama," akasema, "ziliandika harusi moja ambayo bwana harusi hakufika." Yule mama akashukuru kwa maji, akaondoka. Baada yake wakapungua, kisha hawakuja. Mzee hakunilaumu, hata kwa mzaha, na mzaha aliupenda. Droo ilibaki imefungwa na ufunguo ukabaki mfukoni mwake. Alipokufa, vijana wake waliuza mashine kwa uzito wa chuma na herufi kwa uzito wa risasi. Sikwenda kutazama.

Kadi ya dada ilikaa ukutani Kyuso, imepigiliwa misumari ya viatu. Moshi uliibadilisha rangi, mchwa wakala kona moja, dhahabu ikapauka. Kila nilipomtembelea, hata miaka ile ya tisini macho yake yalipokwisha kabisa, alikuwa akinisogeza mbele yake. "Nisomee."

Ningeweka kidole juu ya jina lake na kulisoma, polepole, nikifuata uzi. Kisha "na". Kisha nafika kwenye lile rundo. Mimi, niliyelipanga herufi moja moja kwa vidole vyangu, na cheti cha kufunika kitanda, pale sikuweza kusoma chochote. Hakuna mtu angeweza. Nililitaja tu kwa sababu nilimkumbuka.

"Hapo ndipo yuko?" angeuliza.

"Hapo ndipo yuko, dada. Amejaa mpaka ukingoni."

"Huyo ni yeye," angesema, na kunyoosha mkono apaguse, akikosea, akigusa ukuta.